Siku Shangazi Alisema Ameshiba

Juzi nilishuka Rumonge kununua mafuta ya mawese, na kabla muguu wangu wa pili haujagusa chini, harufu ikanikamata. Wewe unaijua ile harufu, usijifanye. Mawese ikichemka kwenye pipa iko na tabia ya ndugu wa familia: haipigi hodi, inaingia kwenye pua, inapanda kichwani, inakaa, inaagiza chai. Nikasimama pale kati ya mabidoni, yale madumu ya mafuta, na wanawake wanaopigana kwa bei, nikawa tena katoto kenye magoti ya vumbi. Muuzaji ananiuliza, "Mama, unachukua bidoni ngapi?" Mimi niko mbali. Niko kwetu, namusikia dada yangu anatuamuru tujipange mustari tuoge.

Basi kaa vizuri nikuambie.

Kwetu ilikuwa karibu na ziwa. Karibu sana. Mawimbi yakikohoa, sisi ndani tulikuwa tunasema pole. Nyumba ya matofali, mabati yenye kelele mpaka njiwa akitua unafikiri wezi wamekuja, parsela yetu, uwanja wa muchanga wenye ua, mupapai mumoja, na wavu mukubwa wa kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwa. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashua upande wa Congo, tulikuwa tunamuona kama mwezi wa Ramadhani: mara moja kwa mwaka, na akionekana watu wote wanabadilisha saa ya kula. Mama alikuwa anauza mawese sokoni. Watoto tulikuwa dada yetu mukubwa, ambaye alikuwa na miaka kumi na tano hivi, halafu mimi, halafu mudogo wangu muvulana, ambaye alikuwa anakula mpaka sufuria inaomba musamaha, halafu wa mwisho, kasichana kadogo kenye sauti ya honi ya lori.

Sasa, dada. Siku hizi muganga mumoja wa hospitali kule Bujumbura ametupa jina la hali yake. Anasema dada iko otisti, ana usonji, amezaliwa hivyo, hakuna mutu alimuloga, kichwa yake inatembea njia yake tu. Tukasema murakoze, asante. Zamani ile neno ilikuwa haijafika Rumonge, labda ilikosa basi. Majirani walikuwa wanasema "yule iko na vyake", na wengine walikuwa wanasema mabaya kuliko hiyo, hayo siyaingizi hapa.

Dada hakuwa anakuangalia machoni. Alikuwa anaangalia sikio lako, kama vile maneno yako yanatokea huko. Kelele ilikuwa inamuumiza kama maji ya moto. Sahani zetu alizipanga kwa rangi, na ukihamisha moja, hata kama umeihamisha kidogo kama upana wa unywele, anakuja kuirudisha bila kukugombeza. Na kitu kubwa kuliko zote: dada hakujua uongo. Sisemi alikataa uongo kama mashehe. Hakuujua, kama vile samaki hajui baisikeli. Siku moja jirani yetu wa upande wa barabara alimuambia kwenye mulango, "Ningojee, nakuja saa hii hii." Wewe na mimi tunajua maana yake: kwa heri. Dada akamungojea. Kuku wakaingia kulala, muadhini akaita, dada iko pale pale mulangoni, amesimama kama muti. Mama alipomutafuta akasema, "Amesema anakuja saa hii."

Mama alikuwa na neno yake juu ya hiyo: "Huyu mutoto anabeba maneno kama mayai. Usimupe bovu." Ndiyo maana kwetu tulizoea kusema vitu vilivyo. Ukiwa na njaa unasema njaa. Ukiwa umekojoa kitanda unasema, asubuhi, mbele ya watu wote, na maisha yanaendelea.

Mwaka ule ngazi, yale matunda ya kukamua mawese, iliiva kwa wingi kule Nyanza-Lac, kwenye michikichi ya bibi. Na sheria ya ngazi ni hii: haingoji mutu. Isipochemshwa kwa wakati, mawese inakuwa chungu, na yule ambaye hakuwa pale siku ya kuchemsha, anapata harufu tu. Miaka mingine mama alikuwa anatubeba wote. Lakini dada na basi ndogo, hapana. Honi, miziki, jasho, watu wanakaliana kama ndagala kwenye mufuko. Safari ya mwisho dada aliziba masikio na kulia kwa sauti moja kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, na tulipofika konda naye alikuwa analia. Na bila mawese ile hakuna biashara, na bila biashara hakuna sisi.

Mama angetuachia jirani. Lakini jirani yule, ukimuachia watoto jioni, asubuhi Rumonge nzima inajua nani kwenu iko na funza kwenye kidole.

Na kulikuwa na shangazi.

Shangazi, dada wa baba, alikuwa anaishi Bujumbura, kule juu kwenye milima, ambako hata mbwa wanabweka kwa adabu. Alikuwa na nyumba ya vioo, na viti ambavyo ukikaa unazama mpaka masikioni. Hakuwa na mutoto, na bwana yake alikuwa amekufa. Kila Idi alikuwa anakuja na manukato yake, yanafika kwanza, yeye anafika kesho yake, na kila Idi anamuambia mama, "Wifi, nipe wawili. Nipe huyu na huyu wa mwisho. Wewe unateseka bure." Mama anacheka, anageuza maneno. Lakini Idi ya mwisho shangazi hakucheka. Alisema, "Siku nitasikia umewaachia watoto wa kaka yangu yule muzima-nusu, nakuja mwenyewe kuwachukua, na kaka yangu hatanikataza." Na kweli, baba alikuwa hamukatazi kitu. Kwa ukoo wetu, shangazi ni baba aliyevaa kitenge.

Kwa hiyo mama aliposema anamuachia dada nyumba, mimi nilielewa vizuri kabisa nini iko hatarini. Ilikuwa mimi. Mimi na kale ka honi.

Asubuhi ya kuondoka mama alimukalisha dada kwenye kibanda cha jiko akamupa maneno, moja moja, polepole. "Mutoto yeyote asitoke kwenye mulango mpaka nirudi. Mutoto yeyote asiguse moto. Waoge kabla jua haijazama. Na chakula ni cha kila mutu aliye ndani ya parsela. Umesikia?" Dada akayarudisha yote bila kuacha hata herufi. Halafu mama akageukia sisi, akatukazia macho. "Na ninyi, muache kumupigia dada yenu kelele kwenye masikio. Yeye anawachunga, ninyi munachunga masikio yake." Akabeba mabidoni matupu, akaenda.

Ndugu yangu, mimi nimetawaliwa na watu wengi katika maisha hii, lakini sijaona serikali kama ya dada.

Tulioga! Mama alikuwa anatumwagia maji, anasugua mahali panapoonekana, basi. Dada alitusugua kama viazi vya harusi. Kila kidole peke yake. Nyuma ya sikio moja, halafu nyuma ya lile lingine, halafu anarudi kwa la kwanza kuona kama halijadanganya. Mudogo wangu alitoka pale na rangi mpya. Jirani alimuuliza yeye ni mutoto wa nani. Ninafikiri ziwa ilishuka kidogo siku ile.

Halafu kazi. Tuligeuza ndagala kwenye wavu, si kwa kutupatupa kama watu wengine, hapana: kutoka upande wa barabara kwenda upande wa ziwa, vichwa vyote vinaangalia mupapai. Bugali ilisongwa mpaka ikang'aa. Kivuli cha nyumba kikigusa mupapai tunakula, kisipogusa hatuli, na mudogo wangu alikuwa anakwenda kukivuta kile kivuli kwa mikono. Jioni, kwa sababu dada hakujua hadithi (hadithi ni uongo, si ndiyo?), alikuwa anatutajia majina ya mashua, kama zilivyokuwa zinatoka kwenda kuvua: Tumaini, Usinionee, Mungu Anaona, Mama Alisema, Kesho Yetu... Zile taa zinawaka moja moja huko majini, na sauti ya dada inatembea bila kupanda wala kushuka. Sikuwahi kufika mashua ya sita. Mpaka leo usingizi ukinikataa natafuta zile mashua.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yanatembea. Kitu kimoja tu hakikutembea: kilio. Kale ka mwisho kakianza kulia, dada alikuwa anaishiwa nguvu. Anaacha kila kitu, anaziba masikio, anakwenda nyuma ya nyumba, anachuchumaa ukutani na kujitikisa polepole. Si hasira, si uvivu. Ni kama wewe mutu akuwekee kaa la moto ndani ya sikio halafu akuambie endelea kupika. Sisi tulijua dawa: mimi nabeba kale katoto mpaka kwenye mupapai, mudogo wangu anazima moto kwa muchanga, tunangoja. Kilio kikiisha ninaita, "Imekwisha!" na dada anarudi, anawasha moto, anaendelea pale alipoachia. Ilikuwa utaratibu muzuri. Lakini mutu wa nje akikuta katikati ya utaratibu, ataona nini?

Ataona alichoona shangazi.

Jirani alikuwa amempigia simu. Alitueleza baadaye mwenyewe bila aibu: "Nilimuambia tu, wifi yako amekwenda, watoto wako na yule. Niliona ni vizuri ndugu wajue." Kesho yake mchana, dada anakaanga samaki, mukeke wa ziwa, vitunguu vinaimba, kale katoto kakaona kuku amebeba kipande chake cha mukate, kakafungua honi. Dada nyuma ya nyumba. Mudogo wangu anatupa muchanga kwenye moto. Mimi ninakimbia na katoto mugongoni. Na pale pale manukato yakaingia.

"Ya Rabi!" shangazi akasema mulangoni. Alikuwa amevaa kitenge cha dhahabu, vumbi ya barabara imemufanya mandazi yenye unga. "Moto! Katoto! Na yule iko wapi?"

"Iko nyuma ya nyumba, shangazi. Anarudi saa hii."

"Anafanya nini nyuma ya nyumba?"

Sikujua kueleza. Nikasema, "Anangoja imekwisha."

Shangazi akazunguka, akamuona dada amechuchumaa, masikio yamezibwa. Akarudi na uso kama mulango uliofungwa. "Basi. Nimeona kwa macho yangu. Wewe, na huyu wa mwisho, fungeni nguo. Tunakwenda na basi ya alasiri. Mama yenu nitaongea naye kwa simu."

Mutoto wa leo angepiga kelele. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kelele ingemuchelewesha dada. Nikatikisa katoto mpaka kakanyamaza, nikaita kwa sauti ndogo, "Imekwisha."

Dada akatoka. Akanawa mikono, akawasha moto tena, akageuza mukeke. Halafu ndipo alipoangalia sikio la shangazi. "Amahoro, shangazi."

"Amahoro gani! Watoto wanakwenda na mimi."

"Hawatoki. Mama hajarudi."

"Mimi ni shangazi yao!"

"Ndiyo," dada akasema. "Wewe ni shangazi yao." Na akaenda kufunga mulango wa parsela kwa kamba, akarudi jikoni. Hakuna hasira hata kidogo. Kama mutu amefunga mulango kwa sababu ya mbuzi.

Shangazi akakaa kwenye kigoda, anapumua kama mashua ya motere. Nilisikia anasema peke yake, "Wacha wale kwanza. Wakishiba tutaona nani anafunga na nani anafungua." Jirani kule kwenye ua alikuwa amepata kazi ya gafula ya kupalilia mahali ambapo hakuna majani.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo.

Wewe umelelewa, unajua. Mugeni akifika wakati wa chakula unamuambia karibu. Mara ya kwanza anasema nimeshiba. Unamuambia tena. Anasema nimekula njiani. Unashika mukono wake, unaapa kwa mama yako, unamuambia asipokula umekufa. Hapo ndipo ananawa. Mugeni anayekula kwa karibu ya kwanza, watu watamuongelea mpaka kule Muhuta.

Dada akapanga sahani kwa rangi. Akasema, "Karibu kula, shangazi."

"Aa, asante binti yangu, nimeshiba."

"Sawa," dada akasema. Akakaa, akasema bismillah, akaanza kula.

Nilimuona shangazi anangoja. Anaangalia ziwa, kama mutu asiyengoja kitu. Mukeke alikuwa amekaangwa na kitunguu na ndimu, ngozi inalia chini ya meno, na mawese ya mboga ya lengalenga inatembea nyekundu mpaka kwenye bugali. Harufu ile ingemuinua maiti, angeuliza kama kuna pilipili.

"Huyo mukeke ananukia," shangazi akasema.

"Ndiyo," dada akasema.

"Mulimupata wapi muzuri hivyo?"

"Ziwani."

"Ah. Na chumvi imetosha?"

"Imetosha."

Tumbo la shangazi likasema maneno marefu. Hata jirani alisikia, aliacha kupalilia. Mimi nikamufinya dada mukono. "Dada, muambie tena."

"Nimemuambia."

"Muambie tena, anangoja!"

"Amesema ameshiba. Mutu aliyeshiba ukimupa chakula anatapika."

Shangazi akasimama. Nikajua imekwisha, tunaondoka, na kwa njaa ile atatula sisi njiani. "Huyu mutoto hana adabu!" akasema. "Wanakufundisha nini hapa? Mugeni hasihiwi? Mugeni haombwi mara ya pili? Nimetoka Bujumbura na giza, nimekaa kwenye basi kama muzigo, na munakula mbele ya macho yangu!"

Dada akaweka tonge chini. Alikuwa anafikiri kweli, unaona kwenye paji lake. "Ulisema umeshiba."

"Ile ni adabu!"

"Lakini uko na njaa?"

Kuku alipita. Shangazi yangu, mutu mwenye viti vya kuzama, akaangalia huku na huku, akamuona jirani, akaona haiwezekani kufichama popote kwenye muchanga ule. Akakaa tena polepole. "Niko na njaa," akasema. "Tangu jana sijatia kitu mudomoni."

Dada akasimama pale pale, akafunua sufuria ndogo iliyokuwa pembeni ya moto. Ndani: mukeke muzima, na bugali yake ya moto, na lengalenga yake. Alikuwa ameiweka tangu shangazi alipoingia. Chakula ni cha kila mutu aliye ndani ya parsela, mama alisema, na shangazi alikuwa ndani ya parsela. Ilikuwa inangoja ukweli tu.

Ndugu yangu, shangazi alikula. Manukato na heshima na dhahabu vyote vilikaa pembeni. Alinyonya kichwa cha mukeke mpaka macho ya mukeke yakamuangalia kwa masikitiko. Mudogo wangu alisahau sahani yake mwenyewe kwa kumushangaa; alikuwa amepata mwalimu.

Alipomaliza kunawa, dada akamuuliza. Alimuuliza kama mutu anayeuliza bei ya chumvi, kwa sababu alikuwa amejifunza kitu kipya leo, kwamba watu wengine wanasema kitu kisichokuwa, na alitaka kuwa na hakika.

"Shangazi, na watoto, unawataka kweli, ao ni adabu?"

Nilisikia jembe la jirani linaanguka.

"Ni kwa faida yao," shangazi akasema haraka. "Shule. Maziwa. Mama yenu anachoka."

Dada akaendelea kuangalia sikio lake. Anangoja. Na wewe jaribu siku moja kusema maneno ya uongo kidogo kwa mutu anayengoja tu, hakuamini na hakukatai. Inauma.

Shangazi akavua kilemba akakunja magotini. "Nyumba yangu iko kimya," akasema. "Ninaingia jioni, ninaweka ufunguo mezani, na ule ufunguo ndio unaongea peke yake. Ninafungua radiyo ili kuwe na mutu."

Dada akafikiri. "Kimya ni muzuri."

"Kwako, mwanangu. Mimi inanipiga."

Dada akafikiri tena, safari hii muda murefu, mpaka mudogo wangu akapata wakati wa kumaliza bugali yake na yangu. Halafu akasema, "Basi kaa hapa. Huyu analia kila siku. Akilia wewe unamubeba, mimi naenda nyuma ya nyumba."

Nilifikiri shangazi atakasirika. Alianza kutikisika mabega, nikafikiri analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, na jirani kule kwenye ua akaanza kucheka kwa sababu alikuwa amechoka kujizuia, na kale katoto, kwa kuona watu wakubwa wamekuwa wajinga wote, kakafungua honi. Dada akaziba masikio. Shangazi akaruka, kweli aliruka, kitenge na yote, akakabeba mugongoni, akaanza kuzunguka mupapai anaimba wimbo wa zamani sana ambao hakuna mutu alikuwa anajua kama anaujua. Kakanyamaza. Na yeye, mwenyewe, akaita kwa sauti ndogo kuelekea nyuma ya nyumba:

"Imekwisha!"

Basi ya alasiri ilipita barabarani, ikapiga honi, ikaenda zake bila sisi.

Mama alirudi na mabidoni yamejaa, mawese mpya nyekundu kama jua ya asubuhi, na uso wenye hofu kwa sababu aliambiwa stendi kwamba wifi yake amefika. Akaingia anakimbia. Akakuta mustari wa kuoga: mudogo wangu, mimi, kale ka mwisho, na shangazi wa Bujumbura nyuma kabisa, na khanga yangu ya shule kiunoni kwa sababu yake inakauka, anangoja zamu. Siongezi chumvi. Labda kidogo kwenye khanga.

"Kuna nini hapa?" mama akauliza.

Dada akamuambia yote, kuanzia kuku na mukate mpaka ufunguo unaoongea, neno kwa neno, na shangazi amesimama pale anasikia maisha yake inasomwa kama taarifa ya habari. Mama alimimina mawese kwenye kikombe kidogo, akamupa wifi yake aonje kwa kidole. Shangazi akaonja. "Iko muzuri," akasema, halafu akamuangalia dada, akaongeza, "kweli." Habari ya kuchukuliwa haikusemwa tena, wala siku ile, wala Idi iliyofuata.

Toka hapo shangazi alikuwa anakuja kwetu kila vakanse, shule zikifungwa, na alikuwa haanzi na amahoro tena. Alikuwa anapigia kelele tangu kule barabarani, mabasi yanageuka: "Niko na njaa! Na nimechoka! Na viatu hivi vinaniua!" Watu wa Rumonge walifikiri wa Bujumbura wote wako hivyo. Mama alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Mimi sikuwahi kusikia tena mugeni anafika nyumbani kwa raha kama ile, amejimwaga wote mulangoni, hakuna kilichobaki cha kuficha.

Shangazi amekufa, Mungu amupumzishe. Nyumba yake ya milimani aliiacha kwa dada, kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba kimya ile hajawahi kuona mutu mwingine anayeipenda. Dada iko kule mpaka leo. Ameipanga kwa rangi. Radiyo ameifunga kwenye karatasi.

Na pale kwetu? Ziwa ilipanda. Ile miaka ambayo maji yalikula pwani, ilikuja na kwetu, polepole, bila kelele, na sisi tulikuwa tunasema pole kumbe ilikuwa inajiandaa. Mupapai ulianguka kwanza. Halafu ukuta wa nyuma, pale dada alipokuwa anachuchumaa. Juzi nilisimama juu barabarani na bidoni yangu, naangalia maji yanang'aa juu ya mahali tulipokuwa tunakula. Samaki wanapita pale ambapo tulikuwa tunawala samaki. Nafikiri wanajilipiza.

Mimi niko na nyumba yangu sasa, na wageni wengi, watu wazuri, wenye adabu kupita. Ninawaambia karibu, wanasema wameshiba. Ninawaambia tena. Ninashika mikono, ninaapa, ninakufa mara tatu kama inavyotakiwa. Wanakula kidogo, wanasifu, wanaenda. Na mara nyingi nikifunga mulango, nabaki nimeshika sahani, nikijiuliza yule aliyetoka alikuwa na njaa ya kiasi gani, na kama ilikuwa ya chakula.